Ziwa Chala na Risiti Niliyoificha



Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko ule wa kila asubuhi. Kama uko ndani ya matatu, uhifadhi uusome jioni. Kama una chai mbele yako, kaa. Leo sitahubiri sana. Nataka kukusimulia jinsi nilivyoliona Ziwa Chala kwa mara ya kwanza, mimi mzee wa miaka 46 ambaye nimeishi Pwani karibu maisha yangu yote na sikuwahi kufika Taveta. Na nataka kuungama jambo. Washirika wetu wa Mombasa walilisikia kutoka kwenye madhabahu Jumapili iliyopita. Nyinyi wa mbali mnastahili kulisikia pia, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya hata kwenye ukurasa huu.

Tuanzie mwanzo.

Nilipokuwa chuo cha Biblia nililala chumba kimoja na ndugu mmoja kutoka Taveta. Yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Tuligawana chapati, tuligawana soksi, tulifunga na kuomba pamoja. Nilipoanza kanisa kwenye kibanda cha mabati, yeye ndiye aliyekuwa msaidizi wangu. Alifagia, alipanga viti, alifundisha watoto, alishika mkesha wa Ijumaa mimi nikiwa na homa. Mkewe alikuwa kiongozi wa akina mama. Wengi wenu mlilishwa kwa mikono ya huyo mama siku ambazo hamkuwa na kitu.

Mwaka 2016 tulikuwa tukijenga. Mnakumbuka zile bahasha za ujenzi. Juma moja tukahesabu, na shilingi 186,000 hazikuonekana. Juma lilo hilo ndugu yangu akaja ofisini akaniambia kwamba mkewe anaumwa, anataka kumrudisha Taveta awe karibu na mama yake, na yeye mwenyewe ataendelea na utumishi huko. Aliomba baraka yangu. Nilimjibu kwamba mtumishi hakimbii ujenzi ukiwa katikati. Aliondoka Alhamisi bila kuagwa.

Jumapili yake nikapanda madhabahuni. Sikumtaja jina. Lakini nilihubiri juu ya Yuda aliyeshika mfuko wa fedha, nikatulia kidogo, nikatazama kile kiti alichokuwa akikaa. Kanisa likaguna. Jioni nikaandika hapa maneno machache kuhusu watumishi wanaofanana na mawingu yanayopita bila kuacha mvua. Mlinijibu kwa Ameni nyingi sana. Nilizisoma zote, na zilinipendeza.

Miezi 5 baadaye mtunza hazina alikuja na karatasi mkononi. Ilikuwa risiti. Fedha zile zililipwa kama malipo ya awali ya mabati na mbao, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilizilipa mimi mwenyewe, siku ambayo nilikuwa na haraka ya kwenda mazishi mahali. Risiti nikaitia ndani ya Biblia yangu kubwa, ile ya mezani, nikasahau. Hakuna senti iliyopotea. Hakuna mtu aliyeiba.

Wapendwa, nilifanya nini? Niliwaambia wazee wawili wa kanisa, tukakubaliana kwamba mambo yamepita, kwamba kufukua kutaliumiza kanisa. Tukaita hiyo hekima. Nikaichukua risiti nikaiweka kwenye droo. Ikakaa humo miaka 8.

Mwezi uliopita simu ikaingia. Mke wa ndugu yangu amelala katika Bwana.

Nilimwambia Mama Mchungaji tutatuma rambirambi kwa simu, kwa sababu juma lile nilikuwa na kongamano. Aliendelea kukunja nguo. Kisha akasema polepole, "Baba, pesa utatuma. Lakini wewe mwenyewe utaenda." Nikasema nitafikiria. Akasema, "Huyo mama alinikanda mgongo nilipojifungua mtoto wetu wa pili. Kama huendi, mimi nitaenda, na nikiulizwa uko wapi, nitasema ukweli." Waume mnaoelewa, mnaelewa. Nilifungua droo usiku ule, nikatia ile risiti kwenye mfuko wa koti.

Niliondoka Mombasa alfajiri. Voi tuliacha barabara kuu tukashika njia ya Mwatate, Bura, Maktau. Baada ya hapo barabara inakata Tsavo Magharibi, na nchi inakuwa nyekundu na kavu. Tuliona ndovu wenye rangi ya udongo ule ule. Mvua haikuwa imeonekana kwa muda, miti ya miiba ilisimama kama mifupa. Karibu na Taveta mzee mmoja aliyekaa kando yangu alinionyesha kilima cha Salaita, akasema mwezi wa Februari 1916 Waingereza walikishambulia, Wajerumani wakiwa juu yake, na watu wengi walikufa. Nikawaza, watu walitoka mbali kote huko kuja kufa kwenye kilima hiki kidogo. Halafu nikakumbuka kwamba mimi pia nilikuwa na kilima changu kidogo, na nilikuwa nimekishikilia miaka 8.

Kwenye matanga nilikaa nyuma kabisa, chini ya ukingo wa hema. Nilipanga kuonekana, kusalimu, na kuondoka na gari la mchana. Mungu hakuwa na mpango huo. Kabla ya mwili kuteremshwa, ndugu yangu alisimama, akachukua kipaza sauti, akaniona. Akasema, "Mchungaji wangu amefika kutoka Mombasa. Naomba yeye ndiye amwombee mama watoto." Alisema mchungaji wangu. Mbele ya watu wake wote.

Nimehubiri miaka zaidi ya 20. Nimeomba kwenye mazishi mengi kiasi kwamba maneno hutoka yenyewe. Siku ile nilisimama kando ya kaburi na mdomo ukakauka kama ile nchi ya Tsavo. Niliomba sentensi tatu. Nadhani zilikuwa ombi la kweli la kwanza nililoomba kwa muda mrefu.

Gari la mchana lilinipita. Nililala kwake. Usiku hatukuzungumza, kulikuwa na wageni. Asubuhi mapema aliniamsha akasema, "Mtumishi, kabla hujarudi, twende nikuonyeshe Chala."

Tulipanda bodaboda mbili tukaelekea kaskazini. Mashamba ya ndizi ya Taveta yakaisha, tukaingia kwenye vichaka na mawe meusi. Nilikuwa nimeambiwa kuna ziwa, kwa hiyo nilitazamia kuona kile ninachojua kuhusu maziwa: nchi iteremke, majani yawe mabichi, ndege wa majini, harufu ya tope. Hakuna. Mbele yetu palikuwa na kilima kikavu, nyasi zimekuwa za kahawia, miiba pande zote. Na sisi tulikuwa tukipanda, hatuteremki. Nikamwuliza kama tumepotea. Akacheka, akasema tuteremke kwenye pikipiki tumalizie kwa miguu.

Nikapanda nikihema, kitambi cha kongamano na sharubati kikinishuhudia. Nilikuwa nikitazama chini nisiteleze kwenye mawe. Nikasikia akisema, "Sasa inua macho."

Watu wa Mungu, ardhi ilikuwa imeisha. Mbele ya viatu vyangu palikuwa na ukingo, kisha ukuta wa mwamba unaoshuka kwenda chini sana, na huko chini maji. Maji mengi, yametulia, rangi ambayo sijui niiite nini. Karibu na mwamba yalikuwa ya kijani kama jani la mgomba likipigwa na jua, na kuelekea katikati yakawa buluu nzito. Ukuta ule ulizunguka ziwa lote kama mikono inayobeba bakuli. Na ng'ambo, upande wa magharibi, juu ya ukingo wa pili, ulisimama Mlima Kilimanjaro, kilele kimejitenga na mawingu, cheupe.

Nilikaa chini. Si kwamba nilichagua kukaa, miguu ndiyo iliyokaa. Nilikumbuka Yakobo alivyoamka kule Betheli akatambua kwamba Mungu alikuwa mahali pale na yeye hakujua. Hatua 10 nyuma yangu kulikuwa na miiba na vumbi. Mtu angeweza kupita chini ya kilima kile maisha yake yote akichunga mbuzi, akalalamika kwamba nchi hii haina maji.

Ndugu yangu akanieleza, kwa sababu huko ndiko nyumbani kwake. Chala ni shimo la volkano. Zamani moto ulipasuka hapa, ukarusha mawe, ukaacha kovu hili. Ziwa lina ukubwa wa kilomita mraba 4 na kidogo, na kina chake ni karibu mita 90. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji, na maji hayana habari. Hakuna mto unaoingia hapa na kuuona ukitiririka. Mvua hunyesha kwenye miteremko ya Kilimanjaro, inazama, inasafiri chini ya ardhi ndani ya mawe ya volkano, inatokea ndani ya ziwa. Na inatoka vile vile, chini kwa chini, pasipo mto unaoonekana. Ndiyo maana maji yake hayakugeuka kuwa ya chumvi ijapokuwa jua linayakausha kila siku. Yanapokea na yanatoa, gizani.

Nikamwambia mbona sisi Mombasa tunajua habari hizo. Maji ya Mzima tunayoletewa kwa bomba ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyopita chini ya mawe ya volkano. Nimeyanywa tangu utotoni. Sikuwahi kuwaza yametembea wapi kabla ya kufika kwenye mtungi wangu.

Kisha, kwa sababu mimi ni mchungaji wa kipentekoste na siwezi kuona maji mengi nikatulia, nikasema mahali hapa pangefaa ubatizo. Akanitazama. "Mtumishi, humu mna mamba. Utawazamisha na hawatainuka." Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Ndipo nilipogundua kwamba hatukuwa tumecheka pamoja tangu 2016.

Kicheko kilipokwisha nikaingiza mkono kwenye koti, nikatoa risiti. Wino ulikuwa umefifia lakini tarakimu zilisomeka. Nikampa. Nilikuwa na hotuba ndefu tayari kichwani. Sikuhitaji hata moja.

Aliitazama, akaikunja, akasema, "Nilijua."

Mtunza hazina alikuwa amempigia simu tangu siku zile, dhamiri ikimsumbua. Alijua kwamba nami najua. Akangoja nimpigie. Akaniambia, bila hasira, jambo ambalo nitalibeba hadi kaburini: "Mama watoto alikuwa akiniuliza kila jioni, Mchungaji amepiga? Mwaka wa kwanza aliuliza kila jioni. Mwaka wa pili aliuliza siku za Jumapili. Baadaye akaacha kuuliza."

Akina mama wa kanisa letu walikuwa wamemwondoa kwenye kundi lao la WhatsApp juma lile la mahubiri yangu. Dada zake katika Bwana. Hakuna aliyemtumia hata salamu ya ugonjwa. Alikufa akiwa mke wa mwizi, machoni pa watu aliowalisha, na mtu wa pekee aliyeweza kumtoa aibu hiyo kwa dakika mbili alikuwa mimi. Kwake siwezi tena kuomba msamaha. Nimejaribu kuliambia kaburi, lakini kaburi halijibu. Nisikie wewe unayesoma: kuna misamaha ambayo ina tarehe ya mwisho, na hatuonyeshwi tarehe hiyo.

Nilimwuliza kwa nini aliniita niombe jana. Alinyamaza akitazama maji. Akasema, "Ningengoja neno lako ndipo ninywe, ningekufa kiu. Mungu alininywesha kwa njia nyingine, chini kwa chini. Kwa hiyo ulipofika sikuwa na kiu ya kukudai."

Mimi nilikuwa nimewaambia nyinyi kwamba huyu ni wingu lisilo na mvua. Nilimtazama kutoka chini ya kilima, nikaona miiba, nikaandika hukumu. Na ndani yake mlikuwa na maji ya kina ambacho sina.

Akaniambia jambo moja zaidi kuhusu Chala. Mwaka ule ule wa 2016, mwezi wa Novemba, wanasayansi walikuja na mitambo juu ya jukwaa linaloelea, wakatoboa sakafu ya ziwa zaidi ya mita 200, wakatoa matope. Kwa sababu kila mwaka ziwa hili hulaza chini tabaka jembamba: wakati wa kiangazi na upepo tabaka jeupe la mabaki ya vijimea vya majini, wakati wa mvua tabaka jeusi. Mwaka juu ya mwaka. Wao wanasoma humo habari za mvua na ukame kwa zaidi ya miaka laki mbili. Hesabu za miaka sitabishana nazo leo, mimi si mtu wa maabara. Lakini nilielewa lililonihusu. Juu maji yanang'aa, watu wanapiga picha. Chini hakuna mwaka uliopotea. Kila ukame umeandikwa.

Ndivyo nilivyokuwa. Juu nilikuwa nang'aa. Suti, kongamano, mahubiri yenye moto. Chini, tabaka la mwaka wa kwanza wa kunyamaza, tabaka la pili, hadi la nane. Nilidhani jambo likikaa muda mrefu bila kutajwa linayeyuka. Haliyeyuki. Linalala chini likingoja mtu wa kutoboa.

Sasa neno kwako, halafu nifunge.

Soma Mwanzo 21, habari za Hajiri jangwani. Maji ya kiriba yameisha, amemlaza mtoto chini ya kichaka, amegeuka asimwone akifa. Mungu hakumchimbia kisima kipya siku ile. Alimfumbua macho, akakiona kisima. Kuna mtu uliyemwandika kuwa mkavu, na hujawahi kupanda hadi ukingoni. Kuna ndoa unayoitazama kutoka chini ya kilima. Omba macho kabla ya kuomba mvua.

Kisha soma Mathayo 5, mstari wa 23 na wa 24. Bwana anamwambia mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka mkononi aiache hapo, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Nimefundisha andiko hilo mara nyingi, na kila mara niliwafundisha washirika. Sikuona kwamba mtu wa madhabahuni ni mimi.

Risiti yako iko wapi? Inawezekana si karatasi. Ni ukweli unaoujua wewe na watu wawili, ambao ukiutamka mtu fulani atainua kichwa tena. Ulisema kwamba mtaongea siku moja. Wapendwa, mimi nilifika Taveta nikiwa nimechelewa kwa mtu mmoja na kuwahi kwa mwingine. Usihesabu kwamba utapata hata huyo mmoja.

Jumapili iliyopita nilimtaja ndugu yangu kwa jina mbele ya kanisa, nikasoma risiti yote, tarehe na kiasi, nikasema aliyekosea ni mimi. Ule ujumbe wa 2016 nimeufuta, lakini kufuta hakutoshi, ndiyo maana naandika huu. Baadhi yenu mmekasirika nami, na mna haki. Akina mama wa kanisa wanajipanga kwenda Taveta. Wazee wanakutana Jumamosi kuamua kuhusu utumishi wangu, nami nimewaambia nitapokea watakalosema.

Tuombe. Bwana, wewe unayepitisha mvua ya mlima chini ya mawe hadi ifike kwa mwenye kiu, tufumbue macho tuwaone ndugu zetu. Toboa sakafu ya mioyo yetu na utoe kilicholala. Wafariji watoto waliobaki bila mama kule Taveta. Na yule anayesoma sasa akiwa na namba ya mtu fulani kwenye simu yake, mpe ujasiri wa kupiga kabla ya jua kuchwa. Kwa jina la Yesu.

Leo msiniandikie Ameni hapa. Mpigie huyo mtu. Hiyo ndiyo itakuwa Ameni yako.

Ndugu yenu katika Kristo, Mchungaji.